Nilibaki nje ya mlango wa msikiti miaka 11. Naandika kwa yule aliye bado nje

Nahodha wa Langoni (mwanzisha uzi)

Asalam aleikum ndugu zangu, na wale wa salamu nyingine, hamjambo.

Nina miaka 38, mwenyeji wa Amu (Lamu), mtaa wa Langoni, kazi yangu mashua. Nimekuwa nikisoma nyuzi za hapa usiku baada ya usiku bila kuandika neno. Leo naandika kwa sababu najua kuna mtu anasoma kimya kimya kama nilivyokuwa nikisoma mimi, na huyo ndiye ninayesema naye.

Niliacha sala miaka 11. Sikuamka siku moja nikasema naacha dini. Ilianza na alfajiri moja niliyopitiwa na usingizi, nimechoka na bahari. Kesho yake nikaona haya kuilipa ile ya jana, nikaipitisha na ya leo. Baadaye alasiri zikawa zinanikuta kwenye miraa, na magharibi zinanikuta bado nimekaa pale pale. Ijumaa nilizishika kwa muda, kwa ajili ya macho ya watu. Mwisho nikawa natafuta safari ya Mokowe au Kipungani ifikapo saa sita ya mchana, ili mradi nisiwepo mjini. Mtu wa Amu anajua uzito wa maneno haya. Mji wetu una misikiti zaidi ya 20, imebanana ndani ya vichochoro ambavyo punda akija na mzigo lazima ujibanze ukutani. Huna pa kwenda adhana isikufikie. Nimeisikia mara tano kwa siku, miaka 11, nimeegemea ukuta.

Kilichonigutusha ni jeneza.

Mwanzo wa kusi hili alifariki baharia mwenzangu, tumekula sahani moja chomboni tangu ujana. Nilikuwa miongoni mwa waliombeba kutoka nyumbani kwao. Mnajua jeneza letu linavyokwenda: mbio mbio, watu wanapokezana, bega hili linatoka lile linaingia. Mimi sikukubali kupokewa. Nililishika mpaka mlangoni mwa msikiti. Pale watu wakavua viatu, wakaingia naye ndani, na mimi miguu ikakataa. Sikuwa na udhu. Na kusema kweli, hata ningekuwa nao, sala ya maiti nilikuwa sikumbuki takbira ya pili mtu anasoma nini na ya tatu anasoma nini.

Nikabaki kibarazani. Palikuwa na mtoto wa miaka sita au saba hivi, ameshika kofia yake mkononi, akaniangalia akaniuliza, "Ami, huingii?"

Nikamwambia naangalia viatu vya watu.

Mwenzangu akasaliwa na mimi nalinda viatu. Hakuna aliyeniambia kitu, si siku ile wala baada yake. Lakini lile swali la mtoto nililala nalo siku nyingi sana.

Sasa, ndugu zangu, nieleze kitu ambacho sikukijua mpaka yakanikuta. Mimi imani haikunitoka. Sikuwahi hata siku moja kuwa na shaka na Mola wangu. Kilichonizuia ni ile hatua ya kuvuka kizingiti mbele za watu. Nilikuwa nawaza: nikiingia, wa barazani watasema nini? "Mbona leo?" Nikianguka tena baada ya wiki mbili, nitauweka wapi uso wangu? Na kubwa zaidi, nilijiambia nitajisafisha kwanza: niache miraa kwanza, nilipe madeni kwanza, nitulie kwanza, ndipo niende kwa Mungu nikiwa mtu. Hiyo "kwanza" ilinila miaka.

Usiku mmoja nikachukua simu nikapiga hesabu ya sala ninazodaiwa. Miaka 11, mara tano kwa siku. Inakaribia 20,000. Nikaizima simu. Siku ile nilikata tamaa kabisa.

Siku 40 hivi baada ya maziko nikaamka kabla ya alfajiri, nikatoka. Sikwenda msikiti wa mtaani kwetu. Nilikwenda upande wa Mkomani, kwenye msikiti mdogo wa zamani ambako nilidhani wanaonijua ni wachache. Usiku wa kwanza nikafika kona, nikaona taa ya ndani, nikarudi. Usiku wa pili nikaingia mpaka kwenye birika. Nikatawadha. Maji yalikuwa baridi, na chini kuna lile jiwe la kusugulia nyayo, limelika katikati kama sahani kwa miguu ya waliotangulia. Nikasugua miguu yangu pale nikiwa nasikia wanakimu. Nikavaa makubadhi, nikarudi nyumbani na udhu wangu.

Usiku wa tatu nilikuwa nimekaa pale pale birikani, miguu imelowa, akatokea mzee. Hakuniuliza mimi nani wala mtoto wa nani. Alisema tu, "Ndoo mwanangu, safu haiyatimia." Yaani njoo, safu bado haijatimia.

Nikaenda.

Rakaa ya pili imamu aliporudi kutoka rukuu, mimi nikaporomoka kwenda kusujudu. Peke yangu. Safu nzima imesimama, mikono juu, wanaleta kunuti, ile dua ya baada ya rukuu. Nilikuwa nimesahau kwamba alfajiri ina kunuti. Mzee akanigusa begani kwa ncha ya vidole, nikainuka, nikasikia imamu anasema "Allahumma ihdina fiman hadayt", na ulimi wangu ukaanza kuitikia amin wenyewe, mahali panapostahili, moja baada ya nyingine, kama vile haukuacha hata siku moja. Maneno hayo nilifundishwa na mamangu kabla sijajua kuogelea.

Leo ni wiki ya tano. Sijakamilika. Kuna alfajiri mbili zimenipita na miraa niliionja tena mara moja, nikajuta. Lakini naingia. Wewe unayesoma, ikiwa unangoja uwe safi ndipo uende, mimi nakwambia maji ya kuogea yako huko huko unakoogopa kwenda.

Limebaki jambo moja linanikera, la haki ya mtu, nalo nitaliuliza hapa wenye elimu wanisaidie. Mshirika wangu wa mashua nilimpunja. Misimu mitatu ya kaskazi, safari nyingine nilizipiga kwa siri bila kuziandika daftarini. Jumla nimeifikisha shilingi 23,000. Yeye hajui. Nimwambie, au nirudishe kimya kimya?

Bint Shela

Kaka, nimesoma hapo pa viatu nikaiweka simu chini.

Mie ni mwanamke, msikitini si lazima kwangu, lakini mlango ninao pia. Wangu ni mswala. Ulikaa umekunjwa juu ya kabati tangu nilipoachika, nikawa nauona kila ninapofungua kutoa nguo. Niliushusha Rajabu iliyopita. Nilipoukunjua ulikuwa na harufu ya udi wa siku ya harusi yangu. Nililia kabla sijafunga sala. Siku hiyo nilisali isha tu. Isha moja.

Darsa ya Magharibi

Waaleikum salaam nahodha. Mimi ni mwalimu wa madrasa, si mufti, nitasema niliyofunzwa na masheikh wetu.

Toba ina masharti matatu ambayo wanachuoni wameyataja: kuiacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Ikiwa dhambi inagusa haki ya mja mwenzako, linaongezeka la nne: umrudishie haki yake au akusamehe. Kwa hiyo 23,000 za mshirika wako zimo ndani ya toba yenyewe, si jambo la pembeni. Ukiweza kumwambia bila kuzua fitina kubwa zaidi, mwambie. Ikiwa unachelea madhara, mfikishie mali yake kwa njia yoyote. Lakini kwa mtu mnayeshirikiana chombo, mtakaofuatana tena baharini, mimi ningemwambia.

Kuhusu hizo sala 20,000: katika madhehebu yetu ya Shafii zinalipwa. Ila usizitazame zote kwa pamoja. Kila faridha unayosali, ongeza moja ya kadha, ya kulipa iliyokupita. Adhuhuri na adhuhuri, alasiri na alasiri. Ukifa njiani umekufa ukiwa unalipa.

Na hili la "njiani" nataka ulifikirie. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kuna mtu wa umma uliotangulia aliyeua watu 99. Akamwendea mchamungu mmoja kuuliza kama ana toba, akaambiwa huna. Akamuua naye, wakatimia 100. Kisha akaelekezwa kwa mwenye elimu, naye akamwambia: nani awezaye kusimama kati yako na toba? Nenda mji fulani, kuna watu wanaomwabudu Mungu, kaabudu nao, wala usirudi kwenu. Akashika njia, na mauti yakamkuta katikati ya safari. Malaika wa rehema na malaika wa adhabu wakamgombea. Ardhi ikapimwa, akakutwa yuko karibu na mji anaouendea kwa shibiri moja. Akachukuliwa na malaika wa rehema.

Hakuwa amefika. Hakuwa na sala moja aliyosali katika mji ule. Alikuwa na nyayo zake tu, zimeelekea huko.

Mtoto wa Sabaki

Hamjambo wote. Mimi niko Malindi, ni Mkristo, naomba mnivumilie kidogo maana uzi huu umenikuta pazuri.

Sikuingia kanisani miaka sita. Nilikuwa mwimbaji wa kwaya, nikapata mimba nikiwa sijaolewa, na maneno niliyoambiwa na wanakwaya wenzangu siwezi kuyaandika. Nikaondoka. Hasira yangu ilikuwa ya haki, lakini mwaka wa tatu nikagundua hasira ile imekuwa nyumba yangu. Watu walionitukana wengine walishahama, wengine walishakufa, mimi bado nawakomesha kwa kutokwenda.

Nilirudi Jumapili ya kawaida, si Krismasi wala Pasaka, kwa sababu siku hizo ningejificha kwenye umati. Nikakaa benchi la mwisho na mtoto wangu mapajani. Wimbo wa kwanza sauti haikutoka. Wa pili haikutoka. Wa tatu mtoto akaniangalia mdomoni kama anayengoja kitu, nikaimba.

Swali langu kwa nahodha: macho ya watu uliyafanyaje? Maana mimi mpaka leo nikiingia nasikia shingo zinageuka.

Nahodha wa Langoni

Mwalimu, Mungu akulipe. Dada wa Malindi, hujakosea mahali, karibu.

Macho sikuyafanya kitu. Nilichogundua ni kwamba nilikuwa nimeyahesabu mengi kuliko yalivyo. Wiki ya pili nilihamia msikiti wa mtaani kwetu, mbele ya baraza ile ile. Jioni ya kwanza mmoja aliniangalia akatikisa kichwa. Mwingine, ambaye ndiye niliyemwogopa kuliko wote, alinifuata usiku nyumbani akaniuliza kwa sauti ya chini kama bado nakumbuka dua ya kutia udhu. Naye alikuwa amesahau.

Mwambao

Naomba niseme kitu ambacho huenda kisipendeze. Mtume ametufunza kusitiri. Kuna hadithi sahihi kwamba umma wote utasamehewa isipokuwa wanaojitangaza: mtu amefanya dhambi usiku, Mungu amemsitiri, asubuhi anaifunua sitara kwa ulimi wake. Sasa nyuzi hizi za "nilifanya hivi nikatubu" naziona nyingi. Nakuheshimu nahodha, lakini je, haikutosha kutubu baina yako na Mola wako? Na pili, nimewaona wengi. Ramadhani misikiti inafurika, watu mpaka barazani, Mfungo Mosi ukiingia safu zimebaki mbili. Wiki tano ni chache.

Nahodha wa Langoni

Ndugu Mwambao, umesema kweli na nimekaa na maneno yako tangu jana. Nimerudi kusoma nilichoandika. Kuacha sala kwangu hakukuwa siri, mji mzima ulijua, na la mshirika nimeliuliza kwa sababu nilihitaji jibu. Lakini mengine nimeyazuia na nitazidi kuyazuia, kwa sababu ya hayo uliyoyasema. Nilichotaka kukieleza ni ile hofu, na hofu si dhambi, tena ukiisitiri inakuua.

Kuhusu wiki tano, ni chache kweli. Niombee zifike sita.

Mzalia wa Pate

Mimi ni wa Pate, nitachangia kidogo. Babu zetu jambo hili walilijua. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika utenzi wake wa Al-Inkishafi hasemi na wewe wala na mimi. Anasema na moyo wake mwenyewe, anauuliza una nini hata usigutuke, kisha anauonyesha majumba ya wakwasi wa Pate yaliyobaki magofu. Nimecheza mpira utotoni karibu na kuta hizo. Ukubwani nimejua kwamba kuna mtu alisimama hapo akajisuta kwa ushairi mzima, na watu wa mwambao wamekuwa wakilisoma kusudi wajisute nalo.

Na Mwambao, unaposema safu zimebaki mbili, kumbuka Habib Saleh. Alikuja Amu kutoka Ngazija, na darsa yake aliifungua hata kwa watu wa tabaka la chini ambao wakubwa wa mji wa zama zile hawakuona kwamba elimu ya dini ni haki yao. Alilaumiwa kwa hilo, na kwa matari ya Maulidi pia. Leo mji mzima unafuata zefe la Maulidi ya Riyadha, msikiti wake. Hawa waliobaki nje, kazi ya aliye ndani ni kusogea wapate nafasi.

Msafiri123

Nimesoma yote mara mbili. Nina swali moja tu na naomba msinihukumu.

Mimi natumia unga. Miaka minne sasa. Bado natumia, hata leo. Niko Amu. Naweza kuingia msikitini nikiwa hivi au mpaka niache?

Darsa ya Magharibi

Mwanangu, au ndugu yangu, sijui umri wako. Ingia.

Qurani imekataza kuikaribia sala hali mtu amelewa mpaka ajue anachosema. Basi tafuta ile saa ambayo akili yako iko nawe, hata ikiwa ni moja kwa siku, usali hiyo. Sala haikungojei uache unga. Sala ni faridha juu yako hata sasa. Surat Zumar, aya ya 53, Mola anawaita waja wake "waliojidhulumu nafsi zao" na kuwakataza kukata tamaa na rehema Yake. Angalia anavyowaita: waja Wangu. Amewaita hivyo wakiwa bado na dhambi zao.

Mtoto wa Sabaki

Msafiri, ndugu yangu wa tumbo moja alikuwa huko uliko. Sala ni sala, na mwili nao unahitaji dawa. Usijaribu kuacha ghafla peke yako ndani ya chumba. Alosto, yale maumivu ya kukosa unga, si mchezo, na wengi huirudia siku ya tatu wakadhani Mungu amewakataa, kumbe ni mwili. Hapa Malindi hospitali ya serikali ina kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, unakunywa kila siku mbele ya muuguzi. Ndugu yangu alianza hapo. Mwaka wa kwanza alianguka mara mbili. Sasa ana kibanda cha kuuza samaki wa kupaka na anaamka kabla yangu.

Bint Shela

Msafiri, hakuna aliyekuhukumu hapa. Nimekuombea katika sala ya isha, bila jina, Mungu analijua.

Nahodha wa Langoni

Nimerudi, na nina mawili.

Jana nilikwenda Matondoni. Mashua yetu iko juu ya nchi kavu wakati huu wa kusi, mshirika wangu alikuwa anatia kalafati. Kwa wasioijua kazi hii: pamba ya zamani inachokonolewa kwanza kutoka kwenye mianya ya mbao. Inatoka nyeusi, imeoza, ina harufu ya tope la mikoko. Ikibaki hata kidogo, pamba mpya haishiki. Nilikaa karibu naye nikachukua chuma nikaanza kuchokonoa upande wangu. Tukafanya kazi kama saa nzima bila maneno. Nikaona nikingoja mchana utaisha.

Nikamwambia. Safari zipi, misimu ipi, kiasi gani. Nikampa 8,000 nilizokuwa nazo na nikamwambia zilizobaki nitakatwa kila mwezi mpaka ziishe.

Hakusema kitu. Alizihesabu pesa, akazikunja, akaziweka chini ya kofia yake juu ya mchanga. Akaendelea kugonga pamba. Mimi nikaona basi, ushirika umekwisha, nikasimama kujipangusa mchanga. Akasema bila kuinua kichwa, "Misimu miwili niliijua." Halafu baadaye sana, "Huo wa tatu sikuujua." Akanisukumia fungu la pamba, nikakaa. Hajasema amenisamehe na sikumuuliza. Jioni tulirudi mjini kwa chombo kimoja.

La pili ni wewe, Msafiri. Mimi kesho alfajiri naondoka nyumbani mapema, kabla ya adhana. Sitakwenda msikiti wetu, nitakwenda ule wa Mkomani wa siku ya kwanza. Kuna kona kabla ya kufika, taa ya ndani inaonekana kutoka hapo. Nitasimama kwenye kona hiyo. Ukija tutakwenda pamoja mpaka birikani, na ukitaka kuishia hapo kwa kesho, tutaishia hapo. Tena nina nafasi kwenye safari ya Malindi wiki ijayo, ikiwa utapenda kwenda kuonana na hao wauguzi. Sitakuuliza wewe mtoto wa nani.

Msafiri123

Kona ipi?

Nahodha wa Langoni

Nimekutumia ujumbe.